Njia Mbili Zilimshinda Fisi, Zisitushinde Sisi

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama, akafika njia panda, akashindwa kuchagua. Akataka kuzifuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, mguu huu huku na mguu ule kule, hata akapasuka msamba na kufa na njaa yake. Methali hiyo tumefundishwa tangu utotoni, na hutajwa kila siku ili kumwonya mwenye tamaa. Sisi hatuna ugomvi nayo. Ila hivi karibuni, tulipokuwa Kigoma, katika kata ya Rusimbi iliyomo ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, tulimkuta mtu ambaye riziki yake yote imesimama juu ya njia mbili, na lau angeshika moja tu angekuwa amekwisha kufunga duka. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwaletea leo wasomaji wetu wa Visiwani, na hasa wakuu wa ofisi za Serikali wanaoisoma safu hii, kwa sababu jambo linalomhusu mama yule wa Rusimbi linamhusu pia mwananchi wa Mkoani, wa Nungwi na wa Mafia.

Mama huyo ana duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Zamani kazi ya duka la namna hiyo ilikuwa karatasi tu. Siku hizi karatasi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni intaneti. Kijana anakuja kuomba chuo au mkopo wa masomo. Mzee anakuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Mfanyabiashara wa mwalo wa Kibirizi anakuja kulipa kodi. Wote hao hawawezi kutoka pale mpaka mtandao umewajibu, na hasa mpaka wamepata ile kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali ambayo bila hiyo fedha haipokelewi popote. Juu ya meza ya mama yule kuna kisanduku kidogo chenye taa za kijani, yaani ruta, na ndani yake zimechomekwa laini mbili: moja ya faiba iliyoletwa kwa nguzo za mtaani, na nyingine ya modemu ya simu ya kampuni tofauti.

Tulimwuliza, "Mama, mbona unalipa mara mbili kwa kitu kimoja?"

Akacheka. "Wanangu," alisema, "mtoto akija saa kumi jioni na dirisha la maombi linafungwa usiku, hanilipi kwa kuwa nina laini nzuri. Ananilipa kwa kuwa fomu yake imekwenda. Isipokwenda, mwaka wake mzima nimeupoteza mimi."

Maneno hayo yalitugusa, na ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mwananchi haulizi kasi ya intaneti imeandikwa ngapi katika mkataba. Anauliza kama shughuli yake imekwisha.

UJIJI NA UNGUJA

Si ajabu kwamba funzo hili linatoka Ujiji kwenda Visiwani, maana pande hizi mbili zimekuwa zikizungumza tangu zama za misafara. Na tangu zama hizo tatizo lilikuwa lile lile. David Livingstone alipokuwa Ujiji mwaka 1869 aliandika barua nyingi kwenda Unguja, na nyingi hazikufika. Njia ilikuwa moja, na mikononi mwa watu ambao hakuwa na uwezo juu yao. Mwaka 1872 Stanley ndiye aliyebeba barua zake na daftari zake mpaka pwani, na kwa hiyo ulimwengu ukapata habari kwa sababu tu ilitokea njia ya pili.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, watu walidhani shida ya njia imekwisha. Lakini mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko ya Kilosa yaliibomoa reli ile, na kwa miezi kadhaa safari za kutoka Dar es Salaam hazikuweza kupita hapo. Wasomaji wetu wa Unguja hawatausahau mwezi huo, maana katika Desemba hiyo hiyo Kisiwa cha Unguja kiliingia gizani. Umeme wote wa kisiwa ulikuwa ukitegemea njia moja ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na njia ile ilipopata hitilafu, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi 3, mpaka Machi 2010. Haikuwa taa tu zilizozimika. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakatafuta maji ya visima, hoteli zikanguruma kwa majenereta, na wenye vibanda vidogo wasioweza kununua jenereta wakakaa bila kazi. Ndipo ilipolazwa njia nyingine kubwa zaidi, iliyokamilika mwaka 2013.

Twayakumbusha haya kwa sababu moja. Katika miezi ile hapakuwa na mtu wa Unguja aliyehitaji kuelezwa maana ya akiba. Jambo lililotufundisha umeme kwa uchungu, tusingoje intaneti itufundishe tena.

LAINI MBILI, BAHARI MOJA

Turudi Rusimbi. Mama yule alitusimulia siku ambayo laini zake zote mbili zililala pamoja. Ilikuwa Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Asubuhi ya Jumatatu watu walijaa mlangoni, faiba haiendi, na modemu ya simu nayo inajikokota mithili ya mgonjwa. "Nilijiuliza," alisema, "nimelipa mara mbili za nini?"

Jibu lilikuwa mbali sana na Rusimbi. Tanzania huzungumza na ulimwengu kwa sehemu kubwa kupitia nyaya za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa nazo, na sote tulitegemea setilaiti. Mwaka huo ulifika waya wa Seacom, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ni nyaya mbili, za wenye mali mbalimbali, na kila mmoja alistahili kuhesabiwa kuwa akiba ya mwenziwe. Lakini tazama ramani. Zote mbili zinatua katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Kusini uitwao Mtunzini, zikapanda na pwani hii hii yetu, na ziendapo kaskazini hupita katika mlango mwembamba wa Bahari ya Shamu. Mwezi Februari 2024 nyaya kadhaa, Seacom ikiwemo, zilikatika katika Bahari ya Shamu, na inadhaniwa kwamba zilikokotwa na nanga ya meli iliyopigwa kwa kombora vitani. Kisha tarehe 12 Mei EASSy na Seacom zikakatika kwa pamoja upande wa kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na kwa siku kadhaa mawasiliano yalirudi kidogo kidogo, kadiri kampuni zilivyokuwa zikihamisha mizigo yao kwenye njia nyingine zilizosalia.

Hapo ndipo lilipo funzo la kwanza, na tunaomba wakuu wa ofisi waliweke moyoni. Kuwa na kampuni mbili si sawa na kuwa na njia mbili. Kampuni mbili zaweza kukodi nafasi katika mkongo ule ule. Laini mbili zaweza kupita katika nguzo zile zile, mtaro ule ule, mnara ule ule, na koleo moja la mchimba mtaro wa maji likazikata zote kwa pigo moja. Anayelipa bili mbili kwa njia moja hajanunua akiba. Amenunua karatasi mbili.

Na hata nchi nzima yaweza kuingia katika hatari hiyo. Wenzetu wa visiwa vya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, walikuwa na waya mmoja tu wa kuwaunganisha na Fiji na dunia. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ililipuka baharini na waya ukakatika. Ilichukua zaidi ya wiki 5 kuurudisha katika kisiwa kikuu. Katika siku zile za maafa, ndugu walioko ng'ambo hawakujua nani mzima na nani amekufa, na kilichosaidia ni setilaiti kidogo iliyokuwapo. Asomaye haya akiwa kisiwani na ayapime mwenyewe.

HESABU YA AKIBA

Wapo watakaosema kwamba hata laini mbili zilizo mbalimbali hukatika, basi faida yake nini? Tuwajibu kwa hesabu ya darasa la saba. Tuseme laini moja hufa siku 1 katika kila siku 100. Kwa mwaka ni siku 3 na zaidi za kukaa bure. Ukiwa na laini mbili za namna hiyo, na sababu ya kufa kwa moja haihusiani kabisa na sababu ya kufa kwa nyingine, basi zote mbili zitakuwa zimekufa kwa pamoja mara 1 tu katika 10,000. Kwa mwaka mzima hiyo haifiki saa moja. Yaani umetoka katika siku 3 za hasara ukaingia katika muda wa kunywa chai na kusoma gazeti. Na hukuhitaji laini ya fahari isiyokatika kamwe. Umehitaji laini mbili za kawaida tu. Lakini hesabu hii yote imesimama juu ya neno moja, nalo ni "haihusiani". Mara laini zinapopita mtaro mmoja, hesabu huvunjika, na unarudi kwenye zile siku 3.

Kwa hiyo yapasa laini mbili ziwe za asili mbili. Moja ikipita ardhini kwa faiba, nyingine na ipite hewani kwa mnara wa simu. Na pale ambapo uhai wa watu unategemea mawasiliano, kama katika hospitali au kituo cha uokoaji wa majini, iongezwe ya tatu ya setilaiti kwa kufuata masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Setilaiti ya zamani huning'inia kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwa hiyo swali na jibu lake husafiri karibu nusu sekunde hata mitambo iwe mizuri namna gani. Kwa faiba, mwanga hutoka Kigoma hadi Dar es Salaam na kurudi, zaidi ya kilomita 1,200 kila upande, kwa muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Setilaiti basi si mshindani wa faiba. Ni taa ya karabai: huiwashi mchana, lakini usiku ukiingia unashukuru kwamba ipo.

MITUMBWI MIWILI NA WAVU

Sasa tuje kwenye jambo linalowadanganya wengi, nalo ni kasi. Muuzaji anamwambia mteja, "Unganisha laini mbili za megabiti 10, upate megabiti 20." Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayoumiza.

Mtu aliyekulia ufukoni mwa Tanganyika ataelewa upesi. Wavuvi wa dagaa wana namna mbili za kwenda ziwani na mitumbwi miwili. Namna ya kwanza, kila mtumbwi huenda na wavu wake. Usiku huo kijiji hupata samaki zaidi, lakini hakuna mtumbwi hata mmoja uliobeba zaidi ya uwezo wake. Namna ya pili, mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, na wavu mmoja mkubwa hutandazwa katikati yake. Hapo ndipo mzigo mmoja hubebwa na mitumbwi miwili kwa kweli.

Ruta nyingi za bei nafuu, kama ile ya Rusimbi, hufanya kazi kwa namna ya kwanza. Hugawa wateja: huyu apite faiba, yule apite simu. Watu ishirini wakiwa dukani kila mmoja na shughuli yake, wote watahisi nafuu. Lakini mtu mmoja akishusha faili moja kubwa, faili hilo litapita katika laini moja tu, na kasi yake haitazidi megabiti 10. Aliyeahidiwa 20 atasema ametapeliwa, kumbe hakuelezwa.

Namna ya pili yawezekana, ila inataka gharama na ujuzi zaidi. Lazima upande wa pili, mathalani katika kituo cha kompyuta huko Dar es Salaam, pawepo na mtambo wa kuvipokea vipande vya mzigo vilivyopita njia mbili na kuvipanga upya kwa mfuatano wake. Bila mpokeaji huyo, wavu hauna wa kuuvuta. Na tena, mitumbwi iliyofungwa pamoja huenda kwa mwendo wa ule ulio mzito. Ukiifunga faiba pamoja na setilaiti ya mbali, vipande vya faiba vitawahi na kukaa vikingoja vya setilaiti, na mara nyingine mwendo wa zote mbili utakuwa mbaya kuliko wa faiba peke yake. Vituo vya televisheni hutumia namna hii kurusha matangazo ya moja kwa moja kutoka uwanjani kwa laini kadhaa za simu zilizofungwa pamoja, na huwafaa. Ofisi ya kata haina haja nayo. Ofisi ya kata inahitaji kugawa kazi mchana, na kuhamia laini ya pili pale ya kwanza inapokatika. Hilo tu.

TULIYOYAONA NA TUNAYOYASHAURI

Katika mazungumzo yetu na mafundi, na kwa kutazama duka lile la Rusimbi, tumekusanya mambo ambayo twaamini kila mkuu wa ofisi, wa Bara na wa Visiwani, anaweza kuyatenda bila kungoja mradi mkubwa.

Kwanza, aulize njia. Kabla ya kutia saini mkataba wa laini ya pili, amtake muuzaji aeleze kwa maandishi laini hiyo inapita nguzo zipi, mtaro upi na mnara upi, na inaingia wapi katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ambao Serikali ilianza kuujenga mwaka 2009. Muuzaji asiyeweza kueleza, asinunuliwe.

Pili, akumbuke umeme. Laini mbili na umeme mmoja ni laini moja. Mji wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na watu wake hawahitaji kukumbushwa. Ruta na modemu hula umeme kidogo sana, na betri ndogo inatosha kuziweka hai kwa saa kadhaa. Tumeona ofisi zenye laini mbili nzuri zikifa zote kwa sababu ya soketi moja.

Tatu, ruta ifundishwe kutazama mbali. Ruta nyingi hudhani laini ni nzima maadamu waya umechomekwa na kifaa cha jirani kinajibu. Lakini jirani aweza kuwa mzima na barabara ya mbele imekatika. Fundi aiagize ruta iulize mara kwa mara mahali zaidi ya pamoja palipo mbali, na isipojibiwa ihame. Na irudi taratibu, baada ya kuhakikisha kwamba laini ya kwanza imetulia, isije ikahama na kurudi kila dakika kama mtu aliyepagawa.

Nne, kazi ziwekewe daraja. Laini ya akiba mara nyingi ni ya kifurushi, tena nyembamba. Ikianza kutumika, malipo ya Serikali, taarifa za wagonjwa na barua za kazi zipite; picha za mpira zingoje. Pia kazi za benki na malipo zipewe laini moja maalumu siku zote, kwa kuwa laini inapobadilika katikati ya kazi, anwani ya mtandao hubadilika nayo, na mfumo wa upande wa pili huweza kumtoa mtumiaji nje akaanza upya.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, akiba ijaribiwe. Mama wa Rusimbi ana desturi ya kuchomoa waya wa faiba kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla ya wateja, na kutazama kama modemu inachukua kazi. Mara moja aligundua kwamba kifurushi kimekwisha siku nyingi. "Afadhali nilijua mimi peke yangu," alituambia, "kabla mtoto wa watu hajajua." Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini laini isiyojaribiwa huoza kimya kimya.

Sita, ibaki njia ya karatasi. Siku kama ile ya Mei 2024, bahari inapokatika, hata laini tatu zaweza kusinzia. Mgonjwa aliyefika hospitali asirudishwe nyumbani kwa sababu mfumo haujibu. Kila ofisi iwe na fomu za kuandika kwa mkono, na utaratibu ulioidhinishwa wa kuhudumia kwanza na kuingiza taarifa baadaye. Tangu makusanyo ya Serikali yalipoingia katika mfumo wa kielektroniki, Bara kwa mfumo wake na Zanzibar kwa ZanMalipo, mianya mingi imezibwa, na sisi tunaunga mkono. Lakini mlango uliofungwa vizuri lazima uwe na ufunguo wa pili.

NANI ALIPE?

Tunajua swali litakaloulizwa na wenye mafungu ya fedha. Ziko shule ambazo hata laini moja hazina; kwa nini tuzungumze laini mbili? Swali hilo ni la haki, na hatulipuuzi. Haingekuwa uungwana mjini wawe na mbili na kijiji cha mwambao wa kusini wa ziwa, au kisiwa kidogo cha Pemba, kikose hata moja. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu kama hizo, na kazi yake iendelee kwanza.

Lakini zingatieni jambo hili. Ofisi ya Serikali inapohamisha huduma zote kwenye mtandao na kuondoa dirisha la karatasi, inakuwa imemwambia mwananchi kwamba hana njia nyingine. Aliyemfungia mwenzake njia zote isipokuwa moja ana wajibu wa kuilinda hiyo moja. Gharama ya laini ya pili ni ya ofisi. Gharama ya kuikosa hulipwa na mzee aliyepanda boti tangu alfajiri, akafika ofisini, akaambiwa, "Mtandao haupo, njoo kesho," naye nauli ya kesho hana. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za ofisi yoyote, na kwa sababu haionekani, haikaguliwi.

Tena gharama yenyewe yaweza kupunguzwa. Zahanati, shule na ofisi ya kata mara nyingi zimekaa karibu karibu. Kwa idhini ya mamlaka zinazohusika, taasisi hizo za umma zingeweza kushirikiana katika laini ya akiba, kwa kuwa si rahisi zote ziihitaji kwa uzito ule ule katika saa ile ile. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na wakala za barabara na maji, kabla ya kuchimba, zipige simu moja kwa wenye faiba. Kuulinda waya uliopo ni rahisi kuliko kununua mwingine.

Tuliagana na mama wa Rusimbi jioni, kijana mmoja akiwa amekaa mbele ya kompyuta akingoja jibu la maombi yake. Taa ya faiba ilikuwa imezimika bila mtu kuijali, na ya modemu ilikuwa ikipepesa. Jibu likaja. Kijana akalipa, akaaga kwa adabu, "Asante, mama," akaondoka asijue kwamba laini moja ilikuwa imekatika. Kwetu sisi, huo ndio ushahidi kwamba akiba imefanya kazi yake.

Fisi wa methali hakushindwa kwa kuwa njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kuwa hakujua ipi aifuate na wakati gani. Ofisi zetu zina watu wenye akili na mafundi wenye ujuzi. Hazina udhuru wa fisi. Ndugu mkuu wa ofisi unayeisoma safu hii, iwe uko Kigoma, Chake Chake au Mjini Unguja, tunakuomba jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa kwa wananchi, chomoa waya wa laini yako kwa mkono wako mwenyewe, kisha hesabu dakika mpaka kazi itakaporudi. Ikiwa haikurudi, utakuwa umeijua kazi yako ya wiki hii.